Laini B Izimwe Kwanza

Nyinyi munaopanda leo juu ya mapaa na bisibisi mpya mufukoni, kila mukinikuta munaniuliza paneli gani ni nzuri. Nawajibu, kisha nangoja swali la pili, nalo haliji. Swali la pili ni hili: nzuri kwa nani? Mimi nimefanya kazi ya sola hapa ufukoni mwa ziwa Mweru mpaka magoti yakakataa ngazi, na waya hazikunisumbua sana. Waya ina plus na minus, na ukikosea inakuonya kwa cheche. Watu hawakuandikwa plus wala minus.

Nilivuka ziwa kutoka upande wa Pweto, wakati ule wengi walipovuka. Nikakaa kambini Kenani kwanza kama wakimbizi wenzangu, tukingoja kuambiwa sisi ni nani na tutaenda wapi. Kule Congo nilikuwa fundi wa redio. Aliyeniokota ni ba Chola, fundi umeme wa Nchelenge, Muzambia mufupi mwenye tumbo lililomutangulia kila mahali. Swahili yake ilikuwa ya kununulia samaki tu. Alinichukua kwa sababu, alisema, mutu anayetengeneza redio za Kichina amezoea kukata tamaa polepole, na kazi ya sola inataka mutu wa namna hiyo.

Mutu wa kwanza tuliyemuhudumia pamoja alikuwa mwalimu. Alilalamika kwamba betri yake haijai hata siku moja. Tukaikuta betri nzima, waya nzima, taa nzima. Paneli hatukuiona. Mwalimu akatupeleka chumbani, akainama, akaivuta kutoka chini ya kitanda. Alikuwa anaogopa wezi. Ba Chola hakucheka. Alikaa juu ya kitanda, akaangalia ukuta, akauliza kwa heshima, "Mukwai, huku jua linaingiaka saa ngapi?"

Nilijifunza kwake kwamba mutu anayekuita umutengenezee kitu tayari amejiona mujinga kidogo, basi usimuongezee. Nilijifunza kupaka mafuta ya kujipaka kwenye vichwa vya betri ili visishike kutu. Nilijifunza kuosha paneli asubuhi, kioo kikiwa bado baridi, kwa kitambaa laini. Bamama wa huku wanasugua sufuria kwa muchanga mpaka inang'aa, na nimekuta paneli iliyosuguliwa hivyo. Iling'aa kweli. Ilikuwa inang'aa tu.

Betri zile za zamani zilikunywa maji, na kuna mutu alizinywesha maji ya ziwa. Ba Chola akamuambia, "Maji yetu yako na samaki, na hii batri haikulaka samaki." Za leo hazinywi kitu, hamutaona kichekesho hicho. Mutaona vingine. Kuna zile taa za mukopo zinazojizima zenyewe ukichelewa kulipa. Taa inayojua siku yako ya kulipa kuliko mukeo. Nimeona familia imekaa gizani chini ya taa nzima, betri imejaa, jua limefanya kazi yake yote, na mutu mumoja mbali sana amekataza. Ba Chola alikuwa akiona hivyo anasema, "Jua ni ya Mungu, lakini funguo iko Lusaka." Alikufa kabla ya ile stesheni ya sola kuja, na mara nyingi nilitamani angekuwako, hata kwa kucheka tu.

Stesheni ilikuja katika kijiji kimoja kati ya Nchelenge na Mununga. Jina lake naliacha, kwa sababu watu wake bado wanaishi na mimi bado nanunua samaki kwao. Walipanga paneli safu kwa safu nyuma ya shule, wakaleta kontena imejaa betri, wakasimamisha nguzo, wakavuta waya mpaka kila nyumba iliyokubali. Pesa ilitoka kwa wafadhili ambao tuliona kofia zao tu. Mimi nikapewa kazi ya kuangalia mutambo.

Katika mukutano wa kwanza muzungu mumoja alizungumza Kiingereza. Kiingereza kikageuzwa Bemba, na Bemba ikageuzwa Swahili kwa ajili yetu tuliovuka ziwa. Alisema maneno marefu sana juu ya haki, na juu ya wanyonge wasiachwe nyuma. Safari ilikuwa ndefu. Yalipotufikia, lilikuwa limebaki neno moja.

"Anauliza, kuran, huu umeme, ikuwe sawa kwa bantu bote," mutafsiri alisema. "Ni sawa?"

"Sawa," tukajibu, kama mutu anavyojibu akiambiwa ugali umeiva.

Muzungu akafurahi. Akawaambia wenzake kwamba jamii imekubali usawa, akapanda gari.

Sasa sikilizeni usawa wenyewe. Waya ziligawanywa sehemu mbili. Laini A ilifuata barabara: maduka, bar, kanisa kubwa, ofisi ya komite ya stesheni, na jumba la ba Mulenga, mufanyabiashara wa samaki, ambaye frigo zake zilijaza nyumba nzima. Ba Mulenga alinunua samaki kwa wavuvi wote wa pale na kupeleka samaki hao kwenye miji ya Copperbelt kwa lori. Laini B ilishuka majini: wavuvi, bamama wanaokausha samaki kwa moshi, na sisi wakimbizi tuliopata ruhusa ya kufanyia biashara ufukoni. Na ndani ya mutambo kulikuwa na kanuni moja: betri ikipungua, Laini B izimwe kwanza.

Nilimuuliza aliyeiweka. Alikuwa injinia kijana kutoka Lusaka, jina lake Mutale, musichana mwenye sauti ndogo na viatu vikubwa.

"Komite waliniambia A ni ya muhimu na B ni ya kawaida," alisema. "Mashine haijui watu, mukwai. Inajua tulichoiambia."

Basi kila jioni ilikuwa hivi. Jua linazama. Frigo za ba Mulenga, ambazo zilifunguliwa na kufungwa mchana kutwa, zinaanza kunguruma ili zipate baridi. Bar inawasha muziki. Betri inashuka. Na huku chini, bamama wakiwa katikati ya kupasua samaki, kisu mukononi, taa zinakufa. Bana Kunda, Muzambia, mukubwa wa bamama wa moshi, mjane mwenye mikono iliyokauka kama samaki wake, alinisimamisha njiani.

"Ba Ngoy, taa yangu iko na adabu sana," alisema kwa Swahili yake ya soko. "Ikisikia muziki ya bar inaanza, inaenda kulala."

Nikapeleka malalamiko kwenye komite. Prezida wa komite alikuwa mutu wa koti, hata kwenye joto la mwezi wa kumi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaeleza kwamba giza la Laini B ni giza la muda, wakati mwanga wa Laini A ni mwanga wa kudumu, kwa hiyo kwa jumla mambo yanaendelea vizuri.

Pale Laini B aliishi mama Furaha. Tulijuana toka Kenani, tulipanga foleni moja ya maji. Alikuwa amepata, kwa njia zake za kuuza nyanya na kushona, sanduku la kutotolesha mayai, lenye kioo kidogo juu na kitaa ndani. Kile kitu kinakula umeme kidogo sana, hakifikii hata frigo ndogo. Lakini kinaula usiku na mchana bila kupumzika. Ukikizima yai linapoa, na kifaranga anafia ndani kabla hajaona mutu.

Mara ya kwanza alijaribu kwa imani. Taa zilipokatika alizungushia sanduku blanketi, akapanga chupa za maji ya moto pembeni, akaamka na kuzibadilisha mpaka asubuhi. Alifanya hivyo siku nyingi. Nilipopita kumuona alikuwa anapasua mayai moja moja kwenye ukingo wa bustani. Ndani kulikuwa na vifaranga vilivyokwisha kuwa na midomo na manyoya. Hakulia. Alivifukia kati ya nyanya, akanawa mikono, akaniuliza kama ni kweli kwamba kuna mugeni mukubwa anakuja kufungua stesheni.

Ilikuwa kweli. Stesheni ilikuwa imefanya kazi karibu mwaka, lakini haikuwa imefunguliwa, na kitu kisichofunguliwa, kwa serikali ya mahali popote, hakiko. Komite ikaketi kila siku. Wakashona kitambaa kirefu chenye maneno MWANGA SAWA KWA WOTE, wakakitundika kati ya nguzo mbili za mwisho za Laini B, kwa sababu pale ndipo picha ingetoka na ziwa nyuma. Kisha wakaniita. Betri zilitakiwa kujaa pomoni kwa ajili ya vipaza sauti, feni za hema, na soda baridi. Kwa hiyo Laini B izimwe toka siku ya kuamkia sherehe mpaka mugeni aondoke.

Nilienda kumuambia mama Furaha mwenyewe. Alikuwa ameweka mayai mengine, na yalikuwa yamefikia siku zake. Kwa wiki zile Injinia Mutale alikuwa anajaribu mutambo kwa ajili ya ufunguzi, na Laini B haikuwa imekatwa sana. Alikuwa ameanza kutumaini.

"Na pale chini ya hema," aliuliza, "kuran itakuwako?"

"Pale itakuwako hata dunia iishe."

"Bon, vizuri," alisema. Akaenda kuchemsha maji ya chupa zake, ya kupitishia usiku ule mumoja.

Asubuhi ya sherehe nilikuwa nafunga waya za vipaza sauti. Nikamuona anakuja na bamama wawili, wamebeba kitu kwenye kitenge kama watu waliobeba mugonjwa. Wakapita nyuma ya meza kuu, wakakiweka chini, penye kivuli cha kitambaa cha meza. Kule nyuma nilikuwa nimeacha soketi ya ziada. Mama Furaha akachomeka, akainama kuangalia kioo, akaenda kukaa na wengine kwenye nyasi. Mimi nilikuwa fundi wa vipaza sauti siku ile. Mambo ya chini ya meza hayakuwa kazi yangu.

Mugeni mukubwa akafika baada ya watu kuchoka kungoja na kabla ya wimbo kuisha. Akazungumza Bemba nzuri. Akasema kuna nchi ambako mwenye nacho anawaka na asiye nacho anazimika, lakini hapa, mbele ya ziwa hili, hakuna aliyeachwa gizani. Hapo akanyamaza kidogo ili tupige makofi. Katika kile kimya kipaza sauti, ambacho nilikuwa nimekifunga vizuri sana, kikasema: twii.

Mugeni akakiangalia. Akaanza tena sentensi yake, nacho kikamujibu tena, safari hii kwa sauti nyingi. Prezida wa komite akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia ziwa. Watoto wakaanza kucheka, kisha watu wazima. Mulinzi wa mugeni akainua kitambaa cha meza. Mayai yalikuwa yamepasuka, na vifaranga walikuwa wanapanda juu ya wenzao kwenye kioo, bado wamelowa.

"Hivi ni vya nani?" mugeni akauliza.

Mama Furaha akasimama. "Ni bya mimi, mukubwa."

"Mbona viko hapa?"

"Sababu kwetu kuran ilikatwa, ili weye upate ya kusemea. Basi yai ilikuya kufwata kuran yake."

Bana Kunda alitafsiri kwa Bemba, na hakupunguza kitu. Vicheko vikakatika. Hata feni zilisikika.

Sasa mujue kwamba mutu hawi mugeni mukubwa kwa bahati tu. Yule bwana alifikiri kwa muda wa kumeza mate, akainama, akachukua kifaranga mumoja mukononi, akamuinua mbele ya kamera, akasema, "Mumeona wenyewe. Umeme umefika, na uhai umefika." Makofi yakapigwa. Picha ile ilipendeza, nimeiona mara nyingi. Wakati wa kuagana, komite ikamupa mugeni vifaranga wawili kama zawadi ya jamii. Mwenye vifaranga hawakumuuliza.

Injinia Mutale alikuwa mustari wa nyuma, na hakupiga makofi. Magari yalipoondoka alikuja kwangu na viatu vyake vikubwa. "Nipeleke nione Laini B jioni," alisema.

Tukakaa kwa bana Kunda, juu ya vikapu vya samaki vilivyopinduliwa. Taa zikazimika kwa adabu yao ya kawaida. Injinia hakusema pole. Aliuliza maswali: nani anatumia nini, saa ngapi, na nani anaweza kungoja. Swali lile la mwisho mimi sikuwahi kuliuliza katika kazi yangu yote. Nilikuwa napima umeme mutu anataka mwingi kiasi gani. Yeye alipima nani anaweza kungoja.

"Mchana paneli zinatoa umeme mpaka unakosa pa kwenda," alisema. "Saa sita betri zimejaa, na jua linamwagika bure. Frigo zikale umeme mchana, zigandishe mpaka basi. Usiku zizimwe. Barafu inaweza kungoja. Yai haliwezi, na mutu mwenye kisu gizani haliwezi pia."

"Hawezi," bana Kunda akamusahihisha. Injinia akacheka, maana hata yeye Swahili ilikuwa ya kuokota.

Mimi sikuamini. Nilikuwa nimekula chumvi nyingi, na nilijua frigo ikizimwa samaki anaoza. Tukajaribu kwa frigo kuukuu ya bar. Tulijaza kila nafasi tupu kwa chupa za maji, tukaigandisha mchana kutwa, tukaizima jua lilipozama, tukafunga mufuniko kwa kamba ili walevi wasiufungue. Asubuhi nilitia kidole mwenyewe. Zile chupa ungeweza kumupiga nazo mwizi. Vijana, hiki mukishike hata mukisahau mengine: betri ya rahisi kuliko zote ni ndoo ya maji iliyoganda mchana.

Komite ilikataa. Prezida alisema kanuni haiwezi kubadilishwa kwa sababu ya kuku. Basi ikafika siku ya wageni wengine wa mradi, maana mradi ule ulizaa wageni kuliko mwanga, na bamama wa Laini B, ambao ndio walikuwa wanawapikia kila mara, hawakuwasha moto. Wageni walikula biskuti za duka, wakauliza kuna nini. Jioni ile komite iliona hekima. Prezida alijiuzulu kwa sababu za afya, na afya yake ikarudi wiki hiyo hiyo. Bana Kunda akakalishwa kwenye kiti chake.

Injinia akabadilisha maneno ndani ya mutambo. A na B zikafa. Kila nyumba ilipata kwanza sehemu yake ndogo ya usiku, ya taa, simu na kitu kidogo kama sanduku la mama Furaha. Vitu vizito vikale mchana. Na malipo yakafuata vile vile: anayekula jua la saa sita alipe kidogo, anayekula betri ya usiku alipe zaidi.

Ba Mulenga alisikia haya akiwa amesimama mulangoni mwa ofisi. Hakuwa mutu mubaya, nataka mujue. Alikopesha nyavu watu ambao benki isingewapa hata kiti. Lakini alikuwa hajazoea kuambiwa saa ya kula.

"Ni mimi, mimi njo nabeba hii stesheni," alimuambia bana Kunda. "Bila mimi muko na taa ya kuonea usingizi tu. Bon, mubaki nayo."

Akanunua paneli zake, nyingi, na betri zake, akaniita nizifunge. Nikazifunga. Watu wakaninunia: "Papa Ngoy, umemusaidia kukimbia." Nikawaambia kama nisingezifunga mimi angezifunga mutu mwingine, vibaya, na nyumba ingeungua na upepo ungeleta moto kwenu. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba nililala vibaya.

Kwa sababu hesabu yake haikuwa ya uongo. Nguzo zile, kontena ile, na mimi mwenyewe, vyote vilitaka kutunzwa, awepo Mulenga asiwepo. Alipotoka, mzigo uliobaki ukagawanywa kwa waliobaki. Malipo ya kila nyumba yakapanda. Muvuvi mumoja akatoa waya wake, akarudia tochi, na mzigo wa waliobaki ukaongezeka tena, na mwingine akatoka. Niliona jinsi kitu cha wote kinavyokufa bila mutu hata mumoja kukiua. Kila anayetoka ana sababu nzuri. Bana Kunda alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akiomba watu wavumilie, na nyumba ya ba Mulenga inawaka juu kule kama meli.

Mwezi wa tatu ziwa lilikuwa limefunguliwa baada ya katazo la uvuvi, na samaki walikuwa wengi kama wanavyokuwa kila mara baada ya katazo. Ba Mulenga akajaza frigo zake mpaka mifuniko ikakataa kufunga. Kisha mvua ikakaa. Haikuwa ile ya kunyesha na kuondoka. Mawingu yalishuka mpaka juu ya maji, hatukujua asubuhi na jioni. Na lori lake likakwama kwenye matope huko mbele ya Chienge, likienda kwa mteja mwingine.

Akanituma mutu. Nilipofika alikuwa amesimama kati ya frigo, shati lake zuri limelowa jasho. Betri zake zilikuwa zimekufa kabisa. Alizikamua mpaka chini, siku baada ya siku, na hakuwa amegandisha hata chupa moja ya maji. Niliinua mufuniko mumoja. Nyinyi wa ufukoni munaijua ile harufu inayoanza tamu.

"Niunganishe na stesheni," alisema. "Leo."

"Ba Mulenga, hata stesheni haina jua. Iko na ya taa tu. Nikikuunganisha, kijiji chote kinazimika na samaki wako wataoza vile vile."

Alikaa juu ya kreti. Nilimufahamu miaka mingi, na sikuwahi kumuona amekaa mbele yangu bila kiti. "Si samaki yangu yote," alisema. "Nusu ni ya wavuvi. Sijawalipa bado. Ikioza, ni nyumba zao."

Tukashuka kwa bana Kunda pamoja, chini ya mvua. Alitusikiliza huku anageuza samaki kwenye vichanja vya moshi. Nilidhani atasema maneno ambayo mimi ningesema. Akauliza tu, "Kuni iko?"

"Niko na mbao za kujengea," ba Mulenga alisema. "Kavu."

"Leta mbao. Leta samaki. Leta na bibi yako, mikono haitoshe."

Walikausha samaki kwa moshi mchana na usiku. Bamama wote wa ile iliyokuwa Laini B, chini ya turubai, wakipasua na kupanga, kila nyumba na taa yake moja, maana taa zilikuwa zinawaka. Sehemu ndogo ya usiku iliwatosha siku zote zile za mawingu. Ba Mulenga alipasua mbao zake nzuri za mninga kwa shoka. Sehemu kubwa ya samaki iliokoka. Samaki wa moshi haendi Copperbelt kwa bei ya samaki wa barafu, lakini anaenda. Wavuvi walilipwa.

Jua lilipotoka alikuja mwenyewe ofisini. Walikuwako waliotaka akataliwe. Muvuvi yule wa tochi alisema, "Aliondoka na jua yake, akae nayo." Wengine wakapiga meza. Bana Kunda akawaacha waseme mpaka wakaisha.

"Tukimufukuza, tunafurahi leo," alisema. "Kesho mzigo ni yetu tena. Mi nataka arudi. Lakini asirudi mikono mitupu. Plake yake, zile paneli, ikuje kwa laini pamoja naye. Mchana, ile inazidi, ikuwe ya bote, na tutamupunguzia malipo. Usiku, ale sehemu yake kama sisi."

Ba Mulenga akauliza kama usiku anaweza kupata frigo moja tu.

"Ganda maji," bana Kunda akamuambia.

Niliunganisha zile waya, na hiyo ndiyo kazi ya mwisho niliyopanda ngazi kuifanya. Muvuvi wa tochi alirudi baada ya muda, bila hotuba. Umeme wa mchana ukawa mwingi mpaka tukafunga mota kwenye chigayo, kinu cha kusagia cha kanisa, ambacho kilikuwa kinakula dizeli na kulala siku nyingi kuliko kusaga. Siku ya kwanza bamama walipanga foleni na mihogo yao na mahindi, na ba Mulenga akaja kuangalia. Alisimama akaona unga unavyoshuka mweupe, akafuata waya kwa macho kutoka kwenye mota mpaka kwenye paa lake.

"Kumbe mimi njo niko nasagia kijiji yote," alisema, na sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo.

"Awe, hapana, mukwai," bana Kunda akamujibu. "Jua njo inasaga. Weye uko napitisha tu."

Kisha akamuomba ashike mudomo wa gunia, unga usimwagike. Akashika.